Nimefiwa na mama, siwezi tena kuomba. Je, imani yangu imekufa?

Kifungua_Mimba
Habari wapendwa. Mama ametutoka miezi mitatu iliyopita. Nimeokoka muda mrefu na nilikuwa mwombaji, lakini tangu tuzike nikipiga magoti maneno hayaji, nabaki nalia tu mpaka nasinzia palepale. Kinachoniumiza zaidi ni watu wa kanisani, kila nikilia wananiambia mkristo halii hivyo, kazi ya Mungu haina makosa, yaani nimeanza kujificha chooni nikitaka kulia. Kwaya nimeacha pia. Hivi ni imani imepungua au nini?

Mzee_wa_Zaburi
Pole sana mwanangu. Nani kakwambia mkristo halii? Soma Yohana 11. Yesu alikuwa anajua kabisa kwamba anaenda kumfufua Lazaro, na bado alipofika akalia machozi. Na Paulo kwenye 1 Wathesalonike 4:13 hajasema msihuzunike akaweka nukta, kasema msihuzunike kama wengine wasio na matumaini. Watu wanakata huo mstari katikati halafu wanamchapa nao mfiwa.

shujaa wa imani
Pole dada ila kuwa makini, shetani anatumia huzuni kukuondoa kwenye wokovu. Ayubu alisema Bwana alitoa na Bwana ametwaa. Funga siku 3 hiyo roho ikuachie

MamaWawili
@shujaa hapana jamani, mtu hata kula hali vizuri unamwambia afunge?? Na huyo Ayubu mnamwishia sura ya 1, sura ya 3 analaani siku aliyozaliwa mbona hamuisomi misibani. Wale rafiki zake walifanya la maana walipokaa naye chini siku saba mchana na usiku bila kusema neno, walivyoanza tu kuhubiri wakaharibu na mwisho Mungu akawakasirikia wao.

Mdogo wangu, mimi nilizika mume. Karibu mwaka mzima sikuweza kuomba kwa maneno yangu. Nilichofanya nikawa nasoma zaburi za maombolezo kwa sauti kama ndo sala yangu, hasa ya 88, ile inaanza na kilio inaisha na giza na wala hakuna aleluya mwishoni, nikasema kumbe hata hii imo kwenye Biblia! Siku nyingine nilisema "Bwana unaniona" basi nalala. Na nilimwomba dada mmoja awe ananiombea yeye, nisikilize tu. Kwaya itakusubiri.

Mzee_wa_Zaburi
Naongezea hapo. Eliya alipoomba afe, malaika hakumfanyia maombezi kwanza, alimpa mkate na maji akamwacha alale tena. Kwa hiyo kula, lala. Na ukiona wiki zinapita usingizi hauji kabisa au unawaza kujidhuru mwone daktari, usione aibu, si kukosa imani.

Kifungua_Mimba
Asanteni, MamaWawili umenitoa machozi lakini leo sijajificha. Nimesoma hiyo 88 mara mbili. Swali moja, Martha dada yake Lazaro alivyomwambia Yesu "kama ungalikuwapo hapa ndugu yangu hangalikufa", ile si lawama? Maana mimi ndo hilo tu nataka kumwambia na ninaogopa.

MamaWawili
Ni lawama kabisa. Na Mariamu, yule dada mwingine wa Lazaro, akaja akairudia vilevile, neno kwa neno. Hakuna aliyekemewa pale. Mwambie.