Fundi baiskeli kaniuzia ringi bovu la milioni, halafu mbele za watu anasema kosa ni kilo zangu!!!

Wakuu natype hapa mkono unatetemeka, nimetoka kwake sasa hivi hata helmeti sijavua. Simtaji jina, wote mnaopanda baiskeli za mbio hapa Dar mnamjua, yule anayeongea kama vile baiskeli duniani ilianzia kibandani kwake.

"KILO ZAKO HIZO MZEE, SIO RINGI." Ndo alivyoniambia. Mbele ya bodaboda saba na mama chapati, mama chapati kacheka mpaka chapati ikaungua!!

Mwezi wa tatu nilimfuata kwa heshima zote, nikamwambia fundi mimi nina kilo 92, kila Jumamosi natoka Bunju naenda Bagamoyo, njiani kuna matuta, rasta, mchanga, na mashimo ambayo ukitumbukia unaibukia Mombasa, nipe ringi litakalohimili. Kilo nilimtajia MIMI MWENYEWE, hakuzigundua leo! Akanipa kaboni ya kina cha milimita 50, spoku 20 mbele 24 nyuma, akafunga tairi za upana wa milimita 25 na akajaza upepo mpaka psi 110, tairi gumu kama jiwe la kusagia. Milioni moja na laki mbili, hela yangu ya mchezo niliyosubiri mwaka mzima. Akaligonga kwa kidole, ko ko ko, akasema "hili hata tembo apande".

Jumamosi hii maeneo ya Mapinga kosta ikanibana nikashuka pembeni pale lami ilipomeguka, wala sio shimo, ni ukingo tu wa vidole vinne. KA! Kuangalia, tyubu ina matundu mawili sambamba kama imeng'atwa na nyoka, na ringi lina ufa kuanzia kwenye tundu la spoku mpaka ukingoni, nyuzi za kaboni zimechomoza kama katani. Nimetembea na vile viatu vya pedali kwenye lami ya saa sita mchana mpaka kituoni.

Leo nimempelekea. Hajaliinua hata, kashika kikombe cha chai, kaniangalia kuanzia miguuni mpaka kichwani taratiiibu, halafu ndo akasema "kilo zako hizo mzee". Mzee! Mimi na yeye tunalingana!

Alitakiwa aniambie tangu siku ile kwamba hili sio la kwako, basi. Ningeondoka na hela yangu.

Spoku32: Pole mkuu, kosa ni lake. Wale wa Paris-Roubaix, mbio za baiskeli kule Ufaransa, wanaopita kwenye mawe, wembamba wale, na magari ya timu yamebeba magurudumu ya akiba, wao wanafunga tairi za 30 kwenda juu. Wewe kilo 92 unafungiwa 25? Tafuta ringi la aluminiamu, spoku 32, tairi za 32 kama fremu inaruhusu, upepo psi 65 mpaka 70. Aluminiamu ikipinda inanyooshwa, kaboni ikishapasuka ndo imekwenda.

Mtoto wa Tegeta: Swali dogo, kwenye ringi pameandikwa mwisho wa upepo ngapi? Mengi ya siku hizi hayana ile ndoano ya kushika tairi, mwisho wake ni bar 5, yaani psi 72 na kidogo. Kama ni hilo na alijaza 110, shukuru hujapoteza meno.

Mleta uzi: Nimetoka kuangalia. PAMEANDIKWA. Herufi ndogo kama sisimizi, MAX 72.5. Na yeye alikuwa anasoma geji kwa sauti, "mia, mia na tano, mia na kumi"! Halafu kosa ni kilo zangu mbele ya mama chapati!!

Phoenix ya Babu: Baiskeli yangu Phoenix ringi la chuma, inabeba magunia mawili ya mkaa na mke wangu juu. Nyie endeleeni na makaratasi yenu.

Mkali wa Goba: Ila kilo 92 mkuu 😂😂 na chapati za huyo mama unakula ngapi?

Mleta uzi: Hujanielewa hata kidogo. Nilimtajia kilo KABLA sijatoa hela.

Kinyozi Online: Kina cha 50 na ule upepo wa baharini unaokuja ubavuni ukipita Kerege, si unapeperushwa kama kishada? Hata lisingepasuka lingekuangusha.

Jirani wa Kiambu: Buda pole, huku kwetu mat ikikubana hata hiyo ukingo hupati, ni mtaro direct.

Mama Kubwa: Mafundi wote ni walewale. Mimi fundi cherehani kala kitambaa changu cha kitenge, harusi Jumamosi, jana ananiambia "dada umenenepa". Vipimo kachukua mwenyewe wiki iliyopita!

Mkali wa Goba: Wa kwako afadhali kashona. Wangu kila siku "njoo kesho", suti toka Ramadhani.

Phoenix ya Babu: Usiniambie ni yule wa karibu na msikiti??

Mkali wa Goba: HUYOHUYO!!

Mama Kubwa: Jamani, hata wangu ni huyo.