Mji wa watu 20,000: tuongeze visima virefu au twende mtoni?

Mjumbe wa bodi

Swali hili linagawa bodi nyingi za maji huku West Nile, kaskazini magharibi mwa Uganda, nami nalileta wazi. Chukulia mji wa watu 20,000 wenye visima virefu viwili vya mota, tanki moja kilimani, vioski, na wateja waliovuta bomba nyumbani. Kuanzia Januari mpaka mvua za Machi maji yanatoka kwa zamu. Fedha ipo ya mradi mmoja mkubwa tu. Kuna wanaotaka visima zaidi, kuna wanaotaka mtambo wa kusafisha maji ya mto, na wachache wanataka mserereko, yaani maji yanayoteremka yenyewe kwa bomba kutoka milimani. Mimi niko upande wa mto.

Sensa ya 2024 ilionyesha watu wa Uganda wanaongezeka kwa asilimia 2.9 kwa mwaka. Kwa kasi hiyo, baada ya miaka 20 mji huo una watu 35,000 na ushei. Mpe kila mtu lita 40 kwa siku, unapata mita za ujazo 1,400. Robo ikipotea njiani, lazima uzalishe 1,900 hivi kila siku. Sasa, kwenye miamba yetu ya kale, kisima kinachotoa mita za ujazo 8 kwa saa ni bahati njema. Kwa sola peke yake, saa 6 za jua kali, hizo ni mita 48 kwa siku. Gawanya: visima 40. Ukiunga umeme wa gridi na kusukuma saa 16, bado unataka 15. Sehemu 15 zenye maji ya kutosha, zisizonyang'anyana, mji mdogo utazipata wapi?

Mtaalamu wa maji ya ardhini

Mzee mjumbe, hesabu yako haina kosa, ila umetaka kulipia leo maji ya mwaka wa ishirini. Watu 20,000 wa leo, kwa lita 40 na upotevu ule ule, wanahitaji mita za ujazo 1,070 hivi. Visima vinaongezwa kimoja kimoja kadiri mji unavyokua. Mtambo wa mto hauna nusu: unajenga banio, matangi ya kutuliza tope, machujio na bomba kuu kwa mkupuo, na deni au gharama ya matunzo inaanza siku ile ile.

Visima vinavyotuvunja moyo huku mara nyingi vilitobolewa karibu na kioski, shule au kiwanja cha diwani, kwa sababu ndipo watu walipotaka. Maji ya miamba yetu yako sehemu mbili: kwenye tabaka la mwamba uliooza juu, na kwenye nyufa za mwamba mzima chini yake. Kisima cha kulisha mji kinatafutwa pale ambapo tabaka lililooza ni nene na limelala juu ya ufa mkubwa, na mara nyingi ni bondeni, nje ya mji. Kwanza picha za setilaiti kuona mistari ya nyufa, kisha vipimo vya ukinzani wa umeme ardhini, ndipo mashine iitwe.

Halafu jaribio la kusukuma. Mkandarasi akishasafisha kisima kwa hewa ya kompresa na kuona maji yanaruka, anaandika mavuno na kuondoka. Takwimu hiyo haifai kununulia pampu. Linatakiwa jaribio la hatua nne, kila hatua saa moja au zaidi, kiwango kikiongezwa. Kisha kusukuma kwa kiwango kimoja saa 72 mfululizo huku kina kikipimwa. Kisha kupima jinsi maji yanavyorudi pampu ikizimwa. Maji yasiporudi karibu na pale yalipoanzia, umesukuma akiba na si maji yanayoingia. Kisima kilichostahimili mita 8 kwa saa nakipangia 5 au 6, hasa kama jaribio lilifanywa Oktoba ardhi ikiwa imeshiba.

Fundi wa pampu

Naunga mkono visima, lakini kwa masharti, maana kisima kizuri huuawa na vifaa.

La kwanza ni mabomba. Wizara ya Maji na Mazingira ilisitisha mwaka 2016 mabomba ya chuma yaliyopakwa zinki kwenye visima vya pampu za mkono, kwa sababu maji yetu mengi yana asidi kidogo na yanayala. Kwenye kisima cha mota pia, teremsha plastiki ngumu au chuma kisichoshika kutu. Watu wakilalamika maji ni mekundu, usikimbilie kulaumu ardhi. Sukuma asubuhi baada ya kisima kulala: maji yakitoka mekundu mwanzo kisha yakasafika baada ya dakika kadhaa, ni bomba linaoza. Yakitoka meupe kabisa, halafu yakageuka rangi ya chai kwenye ndoo baada ya kukaa, ni chuma kilichoyeyuka ardhini. La kwanza linatibiwa kwa kubadili mabomba. La pili linataka maji yaanguke kwenye ngazi yapate hewa, kisha yapite kwenye mchanga. Zaidi ya miligramu 0.3 za chuma kwa lita, kina mama wanaacha kufulia nguo nyeupe na wanarudi kijitoni.

La pili ni mota. Inapozwa na maji yanayopita ubavuni mwake. Ikiwekwa chini ya vichujio vya kisima, maji yanaingia kwa juu na mota inaungua polepole. Pale inavalishwa koti la bomba ili maji yalazimike kuipitia. Weka vipima kina viwili, cha kuzima na cha kuwasha, isije ikasukuma hewa. Kiungo cha kebo kinachozamishwa kifungwe kwa kifaa chake maalumu chenye gundi. Utepe wa dukani unapitisha maji na inakuwa shoti. Na radi: Uganda inapigwa sana na radi, kwa hiyo kinga ya radi na waya wa ardhini kwenye kila kibanda cha inveta si hiari.

Mwendesha mtambo wa kusafisha maji

Mimi natetea mto, lakini nataka bodi ijue inachokubali. Maji ya mto yanabadilika saa kwa saa. Kiangazi yanaweza kuwa na tope la vipimo 20 vya NTU (kipimo cha ukungu wa maji), na mvua moja ya Agosti ikinyesha juu huko, kabla ya jioni yamepita 1,000. Asiyeweza kubadili dozi ya shabu (dawa ya kugandisha tope lizame) siku hiyo hiyo atapeleka matope mjini.

Dozi inapatikana kwa jaribio la bika, yaani glasi za maabara. Yeyusha gramu 10 za shabu kwenye lita moja. Mililita moja ya dawa hiyo kwenye lita ya maji ni miligramu 10. Weka bika sita za lita moja, zenye dozi za miligramu 20, 30, 40, 50, 60 na 70. Koroga kwa kasi dakika moja, kisha taratibu dakika 15 hadi 20, acha nusu saa. Chagua dozi ndogo kuliko zote iliyotoa mabonge mazito yanayozama na maji meupe juu. Inafanywa kila tope linapobadilika, na mtu wa zamu ya usiku lazima aijue pia.

Kosa linalojirudia ni hili: shabu inakula uwezo wa maji kuhimili asidi. Kila miligramu 1 ya shabu inamaliza nusu miligramu hivi ya uwezo huo. Dozi ya 50 inataka 25, na mito inayotoka kwenye miamba yetu mara nyingi ni maji laini, hasa wakati wa mvua. Uwezo ukiisha, pH inaanguka, mabonge hayaungani, mtu anadhani dawa ni kidogo, anaongeza, na anaharibu zaidi. Suluhisho ni chokaa au magadi soda kabla ya shabu. Kwa hiyo stoo iwe na vitu vitatu: shabu, chokaa, klorini.

Kwa mita 1,900 kwa siku na dozi ya 50, ni kilo 95 za shabu, karibu magunia mawili ya kilo 50 kila siku. Klorini ya unga yenye nguvu ya asilimia 65 hadi 70, kwa miligramu 2 kwa lita, ni kilo 5 na nusu au 6. Unga huo ukihifadhiwa kwenye joto unapoteza nguvu, kwa hiyo usinunue wa mwaka mzima. Dawa ikae na maji nusu saa kabla ya mteja wa kwanza, na bomba la mwisho kabisa libaki na miligramu 0.2 kwa lita. Umeme nao usipokuwa wa uhakika machujio yanaumia: maji yakisimama na kuanza tena kwa kishindo, yanang'oa tope lililokamatwa kwenye mchanga na kulisukuma mjini.

Mhasibu wa bodi

Baba zangu, wote mnatafuta maji mapya. Tuanze na yale tunayoyatoa tayari. Kwenye uzalishaji wa mita 1,070, kila asilimia 10 ya upotevu mnayoiokoa ni mita 107 kwa siku. Kwa hesabu ya mzee mjumbe, hivyo ni visima viwili vya sola na zaidi, bila kutoboa ardhi.

Jaribio lake ni rahisi. Saa nane usiku, pampu imezimwa, pima kina cha tanki. Rudi baada ya saa moja. Tanki la duara la kipenyo cha mita 5 likishuka sentimita 5, mita moja ya ujazo imetoka. Saa hiyo karibu hakuna anayechota, kwa hiyo sehemu kubwa ya maji hayo yanavuja. Funga valvu za mitaa moja moja mpaka tanki liache kushuka. Mtaa uliofungwa mwisho ndio unaochimbwa. Kama hakuna mita ya kupimia maji kwenye mdomo wa tanki, nunueni hiyo kabla ya kuita mshauri yeyote.

Kuhusu bei: jerikeni ya lita 20 kwa shilingi 50 ni shilingi 2,500 kwa mita ya ujazo. Mkiuza mita 800, ni milioni mbili kwa siku, zikikusanywa zote na kabla ya fungu la mwenye kioski. Humo mnatoa umeme, mishahara, vipuri, na mkienda mtoni, magunia yale ya shabu. Mwenye kisima hana gharama ya shabu. Mkipandisha jerikeni ifike 100, mtu wa watoto sita anarudi kwenye chemchemi isiyolindwa, na hapo tumejenga mtambo wa kuhudumia wenye mabomba nyumbani tu.

Mjumbe wa bodi

Dada mhasibu, nakubali upotevu uanze. Lakini tazama miji mikubwa. Gulu ilitegemea bwawa la Oyitino miaka mingi. Mwisho wake bomba limevutwa kutoka Nile, Karuma, umbali wa kilomita 70 hivi. Chanzo kidogo hufika mwisho wake. Afadhali kwenda kwenye chanzo kikubwa mapema.

Mtaalamu wa maji ya ardhini

Chanzo kikubwa, ndiyo. Mto wako ni upi? Nile ni kitu kingine. Arua inachota Enyau, na Enyau kiangazi hupungua. Mbarara inachota Rwizi, na Rwizi imeharibiwa na kilimo cha kandokando na kukaushwa kwa vinamasi, hata mradi mkubwa ukaelekezwa Kagera. Mto mdogo una shida ile ile ya kisima, tena unauchangia na wanaofyatua matofali na kulima mboga juu yako. Kanuni za 2000 za kulinda kingo za mito zinataka mita 30 kila upande wa mto wa kawaida ziachwe, na mita 100 kwa mito mikubwa iliyotajwa. Nenda ukaone nani anaziheshimu.

Mita 1,900 kwa siku ni lita 22 kwa sekunde. Jenga kizuizi cha mbao au zege chenye mkato wa V wa nyuzi 90. Maji yakipita kwa kimo cha sentimita 20 juu ya ncha ya chini, hizo ni lita 25 kwa sekunde. Kimo hicho kikionekana mwishoni mwa Februari kama ndio mto mzima, achana nao, maana huwezi kuchukua wote; walio chini wana haki yao na idara ya rasilimali za maji haitakupa kibali. Nataka mtiririko wa angalau mara tatu ya lita hizo.

Fundi wa mabomba ya mserereko

Fupi tu kuhusu milima. Nyanda za juu za Zombo, huku huku West Nile, zina chemchemi nzuri, na mserereko hauna bili ya umeme. Ila chemchemi ipimwe kiangazi, bomba lipate valvu za hewa kwenye kila mgongo na za kutolea tope kwenye kila bonde, na matangi ya kuvunja nguvu kabla mteremko haujapita uwezo wa bomba: mita 60 kwa bomba la daraja la PN6, 100 kwa PN10. Bila valvu za hewa maji yanakwama na watu wanatoboa bomba wakidhani limeziba. Kwa mji ulio tambarare, mbali na milima, sahau.

Mwendesha mtambo wa kusafisha maji

Nakubali sharti la mara tatu, na naongeza langu: kabla ya kusaini mtambo, bodi ionyeshe bajeti ya dawa ya miezi 12 na waendeshaji watatu waliofunzwa. Bila hivyo, hata mto ukiwa na maji tele, nitapiga kura ya visima.

Mjumbe wa bodi

Basi hoja nitakayoipeleka inabadilika. Mita ya tanki na jaribio la usiku mwezi huu. Kizuizi cha V kiwekwe Desemba, kisomwe kila asubuhi hadi Machi. Visima viwili vilivyopo vijaribiwe saa 72 Februari. Fedha ya mradi ikae mpaka namba hizo tatu zifike mezani. Bado naamini zitatupeleka mtoni.

Mtaalamu wa maji ya ardhini

Nami naamini zitaonyesha visima vinatosha miaka kumi ya mwanzo. Ongeza kwenye hoja kipimo cha floraidi kwa kila kisima; ikizidi miligramu 1.5 kwa lita, kisima hicho nakitoa kwenye hesabu yangu mwenyewe.