Ulinganisho: «Salve», «Anti todo» au «Valentín Alsina», ipi ndiyo santuri mbichi kweli ya panki ya Kihispania?

MsikilizajiWaUsiku

Ndugu wanajukwaa, salaam. Mwezi huu nina uwezo wa kununua santuri moja tu, na ninataka iwe ya panki ya mtaani iliyoimbwa kwa Kihispania, ile ambayo, kwa lugha ya studio zetu, mpishi, yaani mtayarishaji wa muziki, hakuipika sana. (Nikisema panki nakusudia muziki, si ule unyoaji ambao vinyozi wetu wanauita kwa jina hilohilo.) Nimebakiwa na tatu: «Salve» ya La Polla Records ya mwaka 1984, «Anti todo» ya Eskorbuto ya mwaka 1986, na «Valentín Alsina» ya 2 Minutos ya mwaka 1994. Mbili za kwanza zinatoka nchi ya Wabaski, kaskazini mwa Hispania, na ya tatu inatoka viungani mwa Buenos Aires. Nimezisikiliza zote mtandaoni, lakini kila nikikata shauri leo, kesho moyo unageuka. Naomba hoja zenu.

FundiGitaa

Ndugu yangu, chukua «Salve». Hawa ni vijana wa Agurain, mji mdogo wa mkoa wa Álava, na mwimbaji wao, Evaristo Páramos, ana kipaji ambacho sijakisikia kwa mwingine yeyote katika panki ya lugha ile: anaimba kama mtu anayebishana na wewe mlangoni kwako, neno baada ya neno, bila kumeza hata silabi moja. Hata anayejifunza Kihispania atamfuata. Jina la santuri ni lile ambalo Wahispania huiitia sala ambayo Wakatoliki wetu huisali kama Salamu Malkia, kwa hiyo kabla sindano haijagusa santuri umeshajua kwamba Kanisa halitasalimika. Tukumbuke kwamba Franco, dikteta wa Hispania, alikuwa amekufa mwaka 1975 tu, na watu wazima wote waliokuwa wakiisikia santuri hii walikuwa wamelelewa chini ya utawala uliofungamanisha bendera na altare. Mabenki, majaji, wanasiasa, hata wale waliokwenda dukani kununua vazi la kipanki lililoshonwa tayari, wote wanapata lao. Nyimbo ni fupi, gitaa ni kavu, na hakuna kinachorembwa.

RehemaWaBilbao

Kaka Fundi, sikupingi kuhusu Evaristo, lakini aliyeuliza ameuliza habari za ubichi, na kwa hilo mimi nasimama na «Anti todo» bila kusita. Naishi Bilbao, na mara nyingi hupanda treni ya kwenda Santurtzi, walikotoka Eskorbuto, ambayo hufuata ukingo wa kushoto wa mto Nervión. Leo ukichungulia dirishani utaona viwanja vilivyosafishwa na majengo mapya, lakini bendi hii ilipoanza, mwaka 1980, ukingo ule ulikuwa wa tanuru za chuma na karakana za meli, na miaka iliyofuata serikali ilianza kuzifunga kwa jina la kupanga upya viwanda. Baba walirudi nyumbani bila kazi, wana hawakuwa na kazi ya kurithi, na heroini ikaingia mitaani kama maji yanavyoingia kwenye mtumbwi uliotoboka. «Anti todo» imerekodiwa katikati ya hali hiyo. Katika «Cerebros destruidos» wanasema yaliyopita yamepita, ya sasa yameshindikana, na ya mbele hayaonekani. Nao wanayasema kwa sauti ya mtu anayetaja saa, bila kulia.

Sikiliza pia namna walivyo watatu tu. Iosu Expósito anapiga gitaa jembamba linalokwaruza, Juanma Suárez anashika besi, na hao wawili ndio wanaopokezana kuimba. Pako Galán yuko nyuma kwenye ngoma. Mara nyingi besi ndiyo inayobeba wimbo, na gitaa linabaki likikwaruza pembeni, jambo ambalo mpishi yeyote makini angelirekebisha. Hakuna aliyelirekebisha, na ndiyo maana santuri hii inaingia mwilini.

FundiGitaa

Dada Rehema, umeeleza vizuri, ila nina swali moja la haki. La Polla wana upande: unajua wanamtetea nani. Eskorbuto wanamtukana kila mtu. Je, huo si ukali usio na shabaha?

RehemaWaBilbao

Swali hilo lina historia yake, kaka. Mwaka 1983 walikwenda Madrid wakiwa na kanda yao ya majaribio, wakitafuta kampuni ya kurekodi. Polisi waliwakamata, wakaisikia kanda, na kwa sababu ya maneno ya nyimbo wakawashikilia chini ya sheria ya kupambana na ugaidi. Walitarajia kwamba kule kwao, ambako kutetea waliokamatwa na polisi wa Hispania lilikuwa jambo la kila siku, watapata watu wa kuwasemea, lakini waliona wameachwa peke yao. Hapo ndipo walipotunga wimbo wa kuilaani nchi ya Wabaski yenyewe, baada ya kuwa tayari wameilaani Hispania. Bendi nyingi za wakati ule zilipewa jina la pamoja, Rock Radical Vasco, na Herri Batasuna, chama cha siasa kilichotaka uhuru wa Wabaski, kikazitafuta kwa ajili ya majukwaa yake. Eskorbuto walikataa kuhesabiwa humo. Kwa hiyo jina «Anti todo», yaani dhidi ya yote, mimi nalisoma kama taarifa ya mambo yaliyowapata. Iosu na Juanma wote wawili walifariki mwaka 1992, wakipishana kwa miezi michache, na heroini ilikuwa imewala kwa muda mrefu. Mimi siwezi kusikiliza upande wa pili wa santuri ile huku nafanya kazi nyingine.

Mtaa_wa_Saba

Nami niitetee Argentina kwa ufupi. Valentín Alsina ni mtaa halisi wa Lanús, kusini mwa mto Riachuelo, nao 2 Minutos wanauimba kama watu wanaoujua kila kona. «Ya no sos igual» inamhusu rafiki wa mtaani aliyejiunga na polisi na hakanyagi tena kwenye baa ya wenzake. Mnasikia «sos», si «eres» ya Hispania (yote mawili ni «wewe ni»), kwa sababu ndivyo wanavyosema kwao. Hata hivyo nakiri kwamba santuri hii ina viitikio vya kuimbwa na uwanja mzima, na imerekodiwa safi kuliko hizo mbili. Anayetaka ubichi wa Argentina hasa aitafute ya kwanza ya Los Violadores, iliyotoka mwaka 1983, kabla wanajeshi waliopindua serikali mwaka 1976 hawajaondoka madarakani, ikiwa na wimbo unaoitwa waziwazi «Represión», yaani ukandamizaji. Kuimba neno hilo hadharani wakati ule kulihitaji moyo.

FundiGitaa

Nimeirudia «Anti todo» usiku huu kwa spika, si kwa simu. Dada Rehema, lile la besi ni kweli kabisa, na nilikuwa sijaligundua kwa miaka yote hii. Bado mimi binafsi naipenda «Salve» zaidi, kwa sababu ya maneno. Lakini neno lililoulizwa ni ubichi, na kwa hilo nakuachia.

MsikilizajiWaUsiku

Nawashukuru nyote. Nimeagiza «Anti todo». Ikifika nitaisikiliza kwanza peke yangu, pande zote mbili, kisha nitarudi hapa kuwaeleza ilivyonifika. Dada Rehema, ukipanda tena treni ile, naomba utupigie picha ya ukingo wa mto.