Kuhani wa levo ya 9 akiingia nyumba yenye pepo wa kutisha: anatoboa au hatoboi?

Mtoa mada
Wakuu, heshima kwenu. Hoja iko mezani. Kuhani wa Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza hadithi kwa kete, levo ya 9, Hekima 18, tunatumia vitabu vya sheria vya 2014. Unamtoa kwenye mapango yake ya majoka unamleta uswahilini Dar, nyumba ya vyumba sita na uani, ndani yake kuna pepo wa aina ya filamu za kutisha: anakaa mwilini mwa mtoto, anaongea kwa sauti ya marehemu babu, anajua siri ya kila aliyemo chumbani. Kila watu wakipanga usiku wa kutisha ubishi ni huu huu, kuhani aruhusiwe au abaki nje?

Mimi nasema abaki nje, anaua hadithi. Levo ya 9 ana Kuvunja Uovu na Wema, uchawi wa daraja la 5. Raundi ya kwanza anautamka, raundi ya pili anamgusa mgonjwa, kwisha. Someni wenyewe: kupagawa kunakoma kwa kuguswa tu. Hakuna kete ya kujiokoa (ya pepo kuukwepa uchawi), hakuna kete ya kulenga. Raundi moja ni sekunde 6, kwa hiyo kazi inayomtoa padri wa kwenye filamu jasho usiku kucha, huyu anaimaliza kwa sekunde 12.

Ubungo20
Mkuu, umesoma nusu ya ukurasa. Uchawi huo unataka umakini, yaani kuushikilia akilini muda wote, na ukiutumia kumtoa pepo unaishia hapo hapo. Pepo sasa yuko nje ya mtoto, ana hasira, na kuhani kasimama mbele yake mikono mitupu. Kinachozuia mtu asipagawe ni Kinga dhidi ya Uovu na Wema, daraja la 1, dakika 10, nayo inataka umakini vile vile. Mtu mmoja hashiki umakini wa vitu viwili. Kwa hiyo ile sekunde alipoanza kutamka Kuvunja, kinga yake mwenyewe ilianguka. Pepo wa filamu ndicho anachongojea: anamtoka mtoto, anamwingia padri.

Anachobaki nacho ni kete ya Haiba. Makuhani wana ujuzi kwenye kujiokoa kwa Haiba, kwa hiyo hata mwenye Haiba 10 anaongeza 4. Dhidi ya mzuka wa kwenye kitabu, ugumu 13 (namba ya kufikia), kwenye kete ya pande 20 anahitaji 9 na kuendelea: asilimia 60 anapona. Asilimia 40 tumempoteza kuhani pamoja na madaraja yake yote ya uchawi, na sasa ni ya pepo.

Mzee wa Kete
Ndiyo maana mwenye akili haanzi na Kuvunja, anaanza na Duara la Kinga. Daraja la 3, dakika moja kuliandaa, linakaa saa nzima, na halitaki umakini. Unateketeza unga wa fedha na chuma, au maji matakatifu, wa sarafu 100 za dhahabu. Nusu kipenyo futi 10, kimo futi 20. Aliye ndani hapagawi na aina uliyoitaja.

Mpangilio: kuhani asimame ndani, ukingoni kabisa. Mtoto alazwe nje ya mstari, mkono unapofika. Tamka Kuvunja, mguse. Pepo akitoka hawezi kukuingia kwa sababu uko ndani. Raundi inayofuata tamka Kufukuza, daraja la 4, ajiokoe kwa Haiba. Akishindwa, shika umakini dakika moja kamili, raundi 10, bila kupoteza. Kwa kuwa si mzaliwa wa dunia hii, dakika ikitimia harudi. Umakini ukivunjika raundi ya 9, amerudi pale pale alipokuwa.

Msimlaze mtoto ndani ya duara mkitegemea pepo atatoka mwenyewe. Kitabu kinasema aliye ndani hawezi kupagawa, hakisemi aliyekwisha kupagawa inakuwaje. Mtabishana hadi alfajiri.

Binti Upanga
Na huyo pepo ni mkubwa kiasi gani? Kuhani wenu ugumu wake ni 16 (8, na 4 ya ujuzi, na 4 ya Hekima). Balor, jipepo kubwa la kitabuni, anajiokoa kwa Haiba na nyongeza ya 12, kwa hiyo anashindwa akipata 1, 2 au 3 tu, asilimia 15. Halafu ana ukinzani wa uchawi, anarusha kete mbili na kuchukua kubwa. Asilimia 15 inashuka hadi 2.25. Nafasi za kutamka uchawi wa daraja la 4 kuhani anazo 3 tu hadi apumzike. Quasit, kijipepo kidogo, asilimia 56 hivi anafukuzika kwa jaribio moja.

Kigamboni Feri
Balor hawezi kujificha kwenye mwili wa mtoto wa darasa la tatu jamani 😂 ana mbawa na anawaka moto, bati lote linaondoka.

Mpunga Upepo
Mnapiga hesabu za vita, wakati pepo wa kutisha hapigani. Angalieni mambo mawili.

La kwanza, maji matakatifu. Kwenye filamu yakimdondokea mgonjwa ngozi inaungua. Kwenye sheria za 2014 chupa moja ni sarafu 25, inaumiza kete 2 za pande 6, ila inawaumiza tu mashetani na wafu wanaotembea. Mtoto aliyepagawa bado ni binadamu. Kuhani anammwagia, mtoto analowa, basi. Mchezaji anaondoka akiamini hakuna pepo ndani, na mchezeshaji, yule anayeendesha hadithi, hajadanganya hata neno.

La pili, Kufurusha Wafu, silaha ambayo kila kuhani anayo tangu levo ya 2. Inamtoa mzuka mwilini vizuri kabisa. Kwa pepo wa Abyss, kuzimu ya mchezo huu, haifanyi kitu. Sasa sauti ya marehemu babu hiyo, ni mzuka wa babu au ni pepo anayeigiza babu? Mchezaji akikosea hapo amechoma silaha bure, na pepo amejua anaogopwa.

Kupambanua, ndiyo, upo uchawi wa daraja la 1 wa Kubaini Uovu na Wema, futi 30, kama mita 9. Unazuiwa na jiwe la futi moja, chuma cha inchi moja, mbao au udongo wa futi 3, au karatasi nyembamba ya madini ya risasi. Tofali la inchi 6 na bati la geji 30 havizuii chochote, kwa hiyo kwa nyumba zetu anasikia hadi kwa jirani. Lakini kumbaini pepo aliyemo ndani ya mwili, hapo sheria ya mzuka inasema hawezi kulengwa na athari yoyote isipokuwa za kufurusha wafu. Mchezeshaji aamue kabla ya kikao, siyo katikati.

Bi Mdogo wa Pwani
Nawasoma kwa adabu kaka zangu, ila nyote mnafukuza. Pwani yetu kupunga hakuendi hivyo. Fundi anafukiza ubani, anapiga ngoma, anamuuliza pepo jina lake, katoka wapi na anataka nini. Pepo anaongea kwa mdomo wa kiti chake, yaani mtu aliyemwingia: nataka kitambaa, nataka udi, nataka ngoma ya siku kadhaa. Mara nyingi hatolewi kabisa, anawekwa sawa, anakaa na kiti wake kwa masharti. Hakuna ukurasa wa kuhani unaojua kufanya mapatano ya namna hiyo.

Kilichopo karibu ni Eneo la Ukweli, daraja la 2, futi 15, dakika 10. Anayeshindwa kete ya Haiba hawezi kusema uongo, na kuhani anajua nani ameshindwa. Lakini anaweza kunyamaza au kuzungukazunguka, na pepo wa kutisha kuzungukazunguka ndiyo fani yake.

Hata Wakatoliki, sheria yao ya Kanisa ya 1983, kifungu cha 1172, inamtaka padri awe na ruhusa ya wazi ya askofu kabla ya kumpunga mtu. Kuhani wa mchezo anaingia nyumba ya watu bila kumuuliza yeyote. Mkitaka kutisha kurudi, anzeni hapo: aombe ruhusa, isubiriwe, na pepo aendelee kufanya kazi.

Kete Kavu
Kuna njia ya mkato. Mzuka unatoka mwili ukifika pointi 0 za uhai. Mpige mtoto ngumi, chagua kumzimisha badala ya kumuua, mzuka nje, kisha mtibu.

Bi Mdogo wa Pwani
Kaka, hiyo usiilete mezani. Kuna watu wameumizwa na kufa kweli wakipigwa eti pepo atoke. Kama ni kanuni ya kitabu, ifuteni kwa usiku huo.

Mzee wa Kete
Naunga mkono, ifutwe.

Tabata Bima
Wa toleo la 2024 mko wapi? Kutakasa Ardhi kwa kawaida ni saa 24 na vitu vya sarafu 1,000. Levo ya 10, Msaada wa Mungu wa 2024 unakupa uchawi wowote wa kuhani hadi daraja la 5 kwa kitendo kimoja, bila vifaa. Nusu kipenyo futi 60, mashetani hawaingii. Nyumba imepona, na nyumba tatu za majirani zimetakaswa bila kuombwa.

Ubungo20
Mada ni levo ya 9 na 2014, mkuu.

Mpunga Upepo
Pepo wa kitabuni aliye karibu zaidi na wetu ni ajuza wa usiku. Ni shetani, lakini anafanya kazi ya jinamizi: anamgusa mtu aliyelala, yeye mwenyewe akiwa kwenye ulimwengu wa pili usioonekana. Akimshika kwa saa moja, usingizi wa usiku huo haumfaidii mtu, na kiwango chake cha juu cha uhai kinapungua kwa kete ya pande 10. Duara linamzuia. Haya, pigeni hesabu. Chumba cha futi 10 kwa 10 kinaingia chote, familia nzima kwenye mkeka. Daraja la 3 ni saa 1, la 4 saa 2, la 5 saa 3. Levo ya 9 anafunika saa 9 kwa maduara manne. Kuamka dakika moja kutamka hakuvunji mapumziko. Analala salama, ila sarafu 400 kila usiku, na kabla ya mapumziko kuisha hana tena daraja la 4 wala la 5. Shetani mwenye subira anamfilisi kwanza.

Mtoa mada
Hapo nimepata ninachokitaka, na bado nasema levo ya 9 abaki nje. Aruhusiwe levo ya 5. Hana Kuvunja, hana Kufukuza, ana nafasi 2 za daraja la 3. Saa 2 za duara kwenye usiku wa saa 8. Achague zipi.

Kigamboni Feri
Saa nane hadi saa kumi, ndio saa zao.

Binti Upanga
Mchezeshaji akisikia hivyo atamleta saa tano. Ili pasiwe na lawama, kuhani aandike saa zake kwenye karatasi na kuifunika, halafu mchezeshaji arushe kete ya pande 8 mbele ya watu wote, kila upande saa moja ya usiku. Robo ya nafasi amekingwa. Na sarafu apewe za maduara sita tu, yaani usiku tatu.