Nimekabidhiwa timu ya mpira wa wavu: nianze na kucheza, kufundisha au kuchezesha?

Mwalimu wa Tandahimba

Ndugu wanamichezo, natumaini mu wazima. Mimi ni mwalimu wa sekondari wilayani Tandahimba, na mwaka huu nimekabidhiwa timu ya wasichana ya mpira wa wavu, ilhali mchezo nilioucheza tangu utotoni ni mpira wa pete. Uwanja tunao, nguzo mbili za miti tunazo, na wasichana wanakuja mazoezini bila kusukumwa. Tatizo ni kwamba mpira hauvuki wavu zaidi ya mara mbili kabla ya kudondoka: upande mmoja unaanzisha, wa pili unashindwa kupokea, na pointi imekwisha. Zaidi ya hapo, tukicheza mechi za kirafiki na shule jirani hakuna mwamuzi aliyesomea, kwa hiyo filimbi naishika mimi, na ubishi kuhusu nani alisimama wapi unakula muda mrefu kuliko mchezo wenyewe. Natamani kujua kucheza, kufundisha na kuchezesha, lakini yote kwa pamoja yananizidi. Nianze na lipi?

Kocha wa Mikindani

Mwalimu, hongera kwa jukumu hilo, na nakushauri uanze na kupokea. Timu isiyopokea haina cha kumpa seta, yaani anayempandishia mpigaji mpira, na seta asiye na mpira hana cha kumpa mpigaji, kwa hiyo muda utakaoutumia kufundisha mashuti kabla ya mapokezi utapotea bure, ingawa najua wasichana wenyewe watakuomba mashuti kila siku.

Kwa kuwa wewe na pengine nusu ya wachezaji wako mmetoka kwenye mpira wa pete, tazama kwa makini viganja vyao. Aliyezoea kudaka hufunga vidole mpira unapokaribia, na katika wavu kuudaka au kuushika mpira ni kosa. Mwambie akutanishe viganja, dole gumba mbili zilale sambamba na kuelekea chini, viwiko vinyooke, na mpira uguse sehemu iliyo kati ya kifundo cha mkono na kiwiko. Mikono isirushwe juu. Utaona msichana anapokea vizuri, kisha dakika ya mwisho anainua mikono hadi usawa wa uso, na mpira unapaa nyuma yake hadi kwenye mikorosho. Nguvu ya kuupeleka mbele inatoka kwenye magoti yanayonyooka, na mabega ndiyo yanayoelekeza mpira uende wapi. Jambo hili moja likikaa sawa, mchezo wenu utabadilika.

Zoezi ninalolipenda halihitaji gharama. Weka kapu au ndoo karibu na wavu, kulia kidogo kwa katikati, mahali ambapo seta atasimama. Mmoja anarusha mpira kwa mkono kutoka upande wa pili, mwenzake anapokea na kujaribu kuufikisha juu ya kapu, kisha wanapokezana. Anza kwa kurusha polepole na kwa karibu, usogee nyuma kadiri wanavyoweza, na uanzishaji wa kweli uingize pale tu mipira mingi inapofika kwenye kapu. Baada ya hapo ndipo umfundishe seta, naye umchague kwa utulivu na wepesi wa miguu, si kwa urefu.

Miguu ya mpira wa pete, nikuambie, ni hazina. Mchezaji aliyezoea kusimama ghafla bila kuyumba yuko mbele ya wenzake.

Mwamuzi wa Lindi

Nakubaliana na kocha kuhusu mapokezi, lakini suala la filimbi lisisubiri, dada yangu, kwa sababu kuchezesha ndiko kutakakokufundisha mchezo haraka kuliko njia nyingine. Mkabidhi kila msichana, kwa zamu, karatasi ya matokeo mazoezini. Anayeandika pointi na mzunguko hulazimika kujua ni nani anayefuata kuanzisha, na ujuzi huo huingia naye uwanjani.

Ubishi wenu kuhusu nafasi unamalizika mkielewa mambo mawili. Nafasi huhesabiwa kuanzia nyuma kulia, ambayo ni namba 1, anakotoka mwanzishaji. Mbele kulia ni 2, mbele katikati 3, mbele kushoto 4, nyuma kushoto 5, na nyuma katikati 6. Timu iliyokuwa inapokea ikishinda pointi, inapata haki ya kuanzisha na wachezaji wake wanazunguka nafasi moja kufuata mwelekeo wa mishale ya saa, hivyo aliyekuwa 2 anakwenda kuanzisha. La pili ni kwamba kosa la nafasi hupimwa kwa miguu, tena kwa wakati mmoja tu: pale mwanzishaji anapougonga mpira. Kwa timu inayopokea, mchezaji wa 6 anatakiwa kuwa sawa na mchezaji wa 3, au awe na walau sehemu ya mguu mmoja iliyo mbali zaidi na mstari wa kati kuliko mguu wa mbele wa mchezaji wa 3, na vivyo hivyo kwa 5 na 4, na kwa 1 na 2. Mpira ukishagongwa, kila mtu yuko huru kwenda atakako, ila wale watatu wa nyuma wasishambulie mpira ulio juu ya usawa wa wavu wakiwa wameruka kutoka mbele ya mstari ulio mita 3 kutoka mstari wa kati.

Simama juu ya kitu imara pembeni mwa nguzo, macho yako yawe kama sentimita 50 juu ya wavu, na umweke mwalimu wa shule jirani upande wa pili chini, aangalie mstari wa kati na wachezaji wanaogusa wavu. Ukipuliza filimbi, onyesha kwanza timu itakayoanzisha, kisha aina ya kosa. Mpira uliogusa mstari uko ndani. Wafundishe washika bendera wanaoangalia mistari kuielekeza chini kwa mpira wa ndani na kuiinua kwa wa nje.

Mwalimu wa Tandahimba

Nawashukuru sana. Wavu wetu ni kipande cha wavu wa kuvulia kilichoshonewa kamba, na katikati umelegea. Tuuache hivyo, na je, urefu uwe upi kwa wanaoanza?

Mwanamichezo wa Nachingwea

Usiuache umelegea, Mwalimu. Urefu rasmi kwa wanawake ni mita 2.24, hupimwa katikati ya uwanja, na juu ya mistari ya pembeni wavu usizidi urefu huo kwa zaidi ya sentimita 2, pande zote mbili zikiwa sawa. Katafute ufito mrefu, uuwekee alama ya mita 2.24, na upime kila siku, maana nguzo za miti zinainama kamba ikikazwa; zishikilie kwa kamba za kuvutia nje. Wavu wa samaki wenye matundu madogo unafaa kwa mazoezi, ila shoneeni kitambaa cheupe juu ili wapigaji wauone.

Hapa natofautiana kidogo na wanaotaka urefu rasmi tangu siku ya kwanza. Kwa kupokea haina shida, lakini anayejifunza kupiga ushushie wavu mpaka aweze kuugonga mpira akiwa amenyoosha mkono, kisha uupandishe taratibu. Kuelekea UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, urudishe mita 2.24 na usiushushe tena.

Na kwa kuwa michezo ya shule huangukia majira ya kusi, zoeza timu kuanzisha ikiwa na upepo mgongoni na ikiwa na upepo usoni. Mnabadilishana pande kila seti inapoisha, isipokuwa kabla ya seti ya tano, ambapo shilingi hurushwa upya, na katika seti hiyo ya tano, inayochezwa hadi pointi 15, mnabadilishana timu mojawapo inapofikisha 8. Waombe wenzako wa shule jirani wafike mapema, mpime wavu pamoja kabla ya kurusha shilingi.