Ist yangu inavuta kushoto nikikanyaga freni, paralelismu mara mbili na bado

MwanaKadutu
Wakubwa kwa wadogo, jambo. Nisaidieni kabla sijagonga mtu. Nina Toyota Ist ya 2004, volani (usukani) iko kuume kama nyingi za hapa Bukavu. Tangu mwezi uliopita, kila nikikanyaga freni gari inakimbilia kushoto. Na kwetu Kongo tunapita kuume, kwa hiyo kushoto ndiko wanakotokea wenzako, halafu mimi niliyekaa huku kuume hata siwaoni vizuri. Juzi nashuka kutoka Kadutu kuelekea Nyawera, kidogo nimbebe motari (dereva wa pikipiki) aliyepakia mama na gunia la makala. Alinitukana mpaka ukoo, na alikuwa na haki.

Fundi wangu alisema ni paralelismu, yaani kunyoosha mwelekeo wa magurudumu. Tukafanya, dola 15. Wapi! Akasema haikukazwa vizuri, tukarudia. Nisipogusa freni inakwenda moja kwa moja, hata volani naweza kuiachilia kidogo. Sasa anataka tubadilishe rotili zote, vile viungo vya magurudumu na volani. Nimechoka kutoa pesa gizani.

DerevaWaNgomo
Hewa ya matairi umepima? Mimi iliwahi kunivuta vile, kumbe tairi moja la mbele lilikuwa na hewa nusu.

mtoto_wa_essence
Uza hiyo, nunua nyingine 😂

MwanaKadutu
Hewa nimepima, kilo 2.2 mbele pande zote, na matairi ya mbele ni ya aina moja. @mtoto_wa_essence nikuuzie wewe?

PapaGaraji
Kijana, acha rotili kwanza. Umeshajibu nusu ya swali mwenyewe bila kujua: isipokanyagwa freni inakwenda sawa. Paralelismu ikiharibika, gari inavuta muda wote, au inakula matairi upande mmoja. Yako inavuta kwenye freni tu. Basi tafuta kwenye freni.

Na hapa ndipo mafundi wengi wanapopotea. Gari ikivuta kushoto wanafungua gurudumu la kushoto, wanaona plaketi nzuri, disiki nzuri, wanafunga, wanasema freni hazina kosa. Lakini gari inaelekea upande unaoshika. Ikiwa kushoto kunashika vizuri na kuume kumelala, itakwenda kushoto. Mara nyingi mgonjwa ni yule wa upande wa pili, huyu anayefanya kazi ndiye anasingiziwa.

Nijibu haya: pedali ni ngumu au inazama? Mafuta ya freni yanapungua kwenye chupa? Mara ya mwisho plaketi zilibadilishwa lini, na zilibadilishwa pande zote mbili? Halafu fanya hivi. Endesha dakika kumi, kanyaga freni mara nyingi za kawaida, simama, dondoshea maji kidogo rimu za mbele. Usiweke kidole kwenye disiki, utalia. Niambie ipi inachemsha maji na ipi iko baridi.

kisangani_boy_dar
Hizo plaketi mnazosema ndizo sisi Dar tunaita breki pedi, sivyo? Nafuatilia, na yangu imeanza.

PapaGaraji
Ndizo. Na etriye, kile kinachobana plaketi kwenye disiki, ni kalipa yenu.

MwanaKadutu
Papa, aksanti kwa muda wako. Barabara tambarare Bukavu utaipata wapi, ilibidi niende mpaka njia ya Kavumu. Pedali ni ngumu, haizami. Mafuta hayajashuka hata kidogo. Plaketi zilibadilishwa pande zote miezi mitatu iliyopita, pamoja na «servisi ya freni». Maji: kushoto yalikauka mara moja. Kuume yaliteremka tu kama mvua kwenye bati.

PapaGaraji
Umepata. Kuume kumelala. Pedali ni ngumu na mafuta hayapungui, kwa hiyo siogopi sana hewa wala kuvuja. Inabaki pistoni inayosukuma plaketi iwe imeganda, zile pini mbili ambazo etriye inatelezea, au plaketi iliyoingiwa na grisi. Inua gari, weka jiwe nyuma ya matairi (Bukavu freni ya mkono peke yake haitoshi, mnajua milima yetu), toa gurudumu la kuume. Shika etriye uisukume kwa mkono, itelezeshe ndani na nje. Ikikataa, ni pini. Halafu linganisha plaketi ya ndani na ya nje. Zikiwa zimeisha tofauti, hiyo ni sahihi ya pini. Pini zikiwa huru, jaribu kurudisha pistoni polepole kwa presi ndogo, usitumie nyundo.

lushi_mecano
Nakubaliana na Papa, naongeza moja toka Lubumbashi: angalia pia silanbloku ya braso ya chini, ile raba ya mkono unaoshikilia gurudumu. Ikichanika, ukikanyaga freni gurudumu linarudi nyuma kidogo na gari inageuka yenyewe. Mtu akae ndani asogeze gari taratibu na kukanyaga, wewe uangalie kwa nje kama gurudumu linahama.

MwanaKadutu
Nimefungua leo asubuhi na jirani yangu. Silanbloku haina mpasuko. Etriye ya kuume haikusogea hata tulipoisukuma wawili. Plaketi ya ndani imebaki kama kadi ya simu, ya nje karibu mpya! Pini ya chini ilitoka kwa shida, raba yake imevimba, imejaa grisi nyeusi ile ya bering.

PapaGaraji
Eeh, ndiyo hiyo «servisi». Grisi ya kawaida inavimbisha raba za freni, pini inakwama humo. Lazima iwe grisi ya silikoni inayotengenezwa kwa ajili ya freni. Safisha pini, badilisha raba zake, paka kidogo tu. Plaketi nunua seti nzima, weka kushoto na kuume siku moja, hata kama za kushoto bado zinang'aa. Ukiweka mpya upande mmoja tutaonana hapa tena.

MwanaKadutu
Raba zimepatikana Kadutu sokoni, grisi rafiki aliniletea toka Goma. Jana nimeshuka hadi Nyawera, nikafunga freni kwa makusudi mahali peupe: imesimama imenyooka, haikuvuta. Na kushoto nako nilifungua, nikakuta grisi ile ile, raba zimeanza kulainika. Nimebadilisha. Fundi nimemwonyesha ile raba iliyovimba. Akaigeuza mkononi, akaniuliza niliitoa kwenye gari gani.

DerevaWaNgomo
😂😂 Kwenye gari gani!

kisangani_boy_dar
Samahani, yangu ni tofauti. Inavuta kuume hata nikiachia pedali, na rimu ya kuume inanuka moto.

PapaGaraji
Basi wewe gurudumu la kuume haliachii. Usitembee nayo hivyo, mafuta ya freni yatachemka. Likiwa bado limekaza, inua na ulegeze kile kiskurubu cha kutolea hewa kwenye etriye. Mafuta yakiruka na gurudumu likawa huru, fleksibo (mpira unaopitisha mafuta ya freni) imevimba ndani: inaruhusu mafuta kwenda, inayakatalia kurudi. Likibaki limekaza, rudi kwenye pistoni na pini. Ukimaliza utoe hewa vizuri, na ufungue uzi wako, huu wa Mwana umekwisha.