Tupeane uzoefu: wiki nzima Mombasa, tukiishi mtaani

Mpita Kuze

Hamjambo wote. Kila Desemba watu hushuka kutoka bara, hufikia hoteli ya ufuoni, hupiga picha kwenye zile pembe kubwa za ndovu za Moi Avenue, kisha hurudi wakijigamba kuwa Mombasa wameimaliza. Uzi huu si wa hao. Nataka waliopanga chumba mtaani, Tudor, Kizingo, Majengo, Likoni, popote, wakala wanachokula majirani na wakaenda mbali kwa matatu. Andika ulichokifanya mwenyewe. Ya kusikia tuachie.

Naanza. Sisi tulipanga Kibokoni, ndani ya Mji wa Kale, ghorofa ya pili, ngazi za mbao zinazolia kila ukikanyaga. Mji wa Kale una saa zake, na ukizifuata wiki inajipanga yenyewe. Mahamri hutoka baada ya alfajiri. Ukijikongoja hadi saa tatu utamkuta mama anaosha karai. Asubuhi hiyohiyo ndiyo ya kuingia ngome ya Fort Jesus, maana ule uwanja wa ndani hauna kivuli cha maana na jua la saa sita halina huruma. Wareno waliianza 1593. Waomani waliizingira 1696 wakaitwaa 1698, na Waingereza wakaja kuifanya gereza mpaka 1958. Wengi hukimbilia mizinga iliyo ukutani wakaliruka jumba la makumbusho. Mimi nilikawia hapo, mbele ya vitu vilivyoopolewa kwenye meli ya Kireno, Santo António de Tanná, iliyokuja kuwaokoa waliozingirwa ikazama papo hapo chini ya ngome mwaka 1697. Unatazama chungu kilichokaa baharini karne hizo zote, kisha unatoka nje na kuyaona maji yenyewe.

Adhuhuri mitaa inanyamaza. Maduka mengi hufungwa, hasa Ijumaa, kwa hiyo usijiwekee mpango: kula, lala. Baada ya alasiri watoto hutoka na mipira, wazee hurudi barazani, na muuza kahawa huanza kugonganisha vikombe. Dele lake, yaani birika la kahawa, lina jiko dogo la makaa chini. Kahawa ni tungu, ina tangawizi, na kikombe chenyewe ni cha mafunda mawili matatu. Shika na kashata ya njugu. Usiagize sukari, watu watakuangalia.

Haya, nani anafuata?

Bara Kabisa

Mimi ni wa Nairobi, nakubali matusi yote. Tulikuja na treni ya SGR, daraja la kawaida, nauli 1,500 tangu walipoipandisha 2024. Beba kitambulisho na fika mapema, ukaguzi wa mizigo una foleni. Ukipita Tsavo mchana, acha simu utazame nje: ndovu wa kule ni wekundu kwa vumbi la udongo wao.

Kitu ambacho wageni hawaambiwi ni kwamba stesheni iko Miritini, si kisiwani. Ukishuka utavamiwa na wenye teksi, kila mmoja ana bei yake ya kukutisha. Tulitembea na mabegi yetu mpaka zilipo matatu, tukaingia mjini kwa pesa kidogo sana.

Tulikaa Tudor. Mtaa umetulia, dukani wanakuzoea upesi. Ila nyinyi watu wa pwani, salamu zenu! Nimefika dukani, nimesema "nipe maziwa", muuzaji kanijibu "hujambo?" na kanyamaza. Nikasema sijambo. "Nyumbani?" Salama. "Watoto?" Sina. Ndipo maziwa yakatoka. Kufikia Jumatano nilikuwa naanza mimi.

Shoga wa Majengo

@Bara Kabisa, umelelewa sasa 😂

Jamani chakula niachieni mimi, maana mtawapoteza watu. Kwanza muelewe kwamba Mombasa chakula kina wakati wake. Asubuhi ni mahamri na mbaazi za nazi. Mchana ni wali, na Ijumaa nyumba nyingi ni pilau au biriani. Biriani yetu wali wake mbali na rojo lake mbali. Ukiletewa vimechanganywa sufuriani, hapo umeuziwa pilau yenye majivuno. Jioni, kuanzia alasiri, ndio vitu vya barabarani: bajia, viazi karai, katlesi, sambusa, kaimati. Usiku ni mishkaki na supu ya pweza. Mgeni anayetaka mishkaki saa nne asubuhi hana wa kumlaumu.

Kuhusu viazi karai. Kiazi huchemshwa kwanza, kinachovywa kwenye unga wenye rangi ya manjano, kinaangukia mafuta yaliyochemka barabara. Mama niliyekuwa nikinunua kwake hupasua kila kimoja kwa ncha ya kisu kikiwa bado kinachuruzika, akakimiminia chatini ya ukwaju ipenye mpaka ndani. Hiyo ndiyo tofauti. Wanaokupa chatini pembeni kwenye kijikaratasi wanakuuzia kiazi kikavu. Na sitasema ni kona gani, maana kila nikisema watu wa Kizingo huja kubishana.

Jioni moja iwe ya Lighthouse, siku hizi Mama Ngina Waterfront, walipotengeneza upya 2019. Mibuyu mikubwa ipo palepale. Unanunua muhogo: uchague wa kuchoma, uliopasuliwa ukatiwa pilipili na ndimu, au krispi zinazokaangwa mbele yako. Ongeza dafu na mabuyu. Meli zinazoingia bandari ya Kilindini hupita karibu hata watoto wakawapungia mabaharia mikono.

Mapishi ya nyumbani yakikunogea, nenda Marikiti, soko lile la tangu 1914, ununue viungo. Kisha ingia Biashara Street ununue leso. Soma jina lake kwanza kabla hujamtunuku mama mkwe.

Kizingo Original

Hatubishani, tunarekebisha. Chatini ya nazi ndiyo yenyewe.

Shoga wa Majengo

Mnaona?

Siku Mbili Zatosha

Samahani lakini wiki nzima ya nini? Fort Jesus saa mbili, pembe dakika tano, biriani, ufuoni, umemaliza. Siku zinazobaki ni jasho tu.

Mpita Kuze

@Siku Mbili Zatosha, jasho lipo, sikukatalii, na kati ya Januari na Machi ni zaidi. Lakini hesabu yako ni ya kuona vitu. Msikiti wa Mandhry, wa 1570, ukiwa na haraka unaupita hujui kama ni msikiti, mnara wake mfupi umebanwa na nyumba. Mimi niliupita tukielekea bandari ya zamani, nikarudi siku nyingine na mwenyeji akanionyesha. Soko la samaki nalo lina mnada wake asubuhi. Hulijui mpaka uamke huko huko. Sisi tulijiwekea sheria ya jambo moja kubwa kwa siku, asubuhi, na siku iliyobaki ni ya mtaa.

Baba Mapacha

Kwa wenye watoto. Wangu wana miaka saba, na siku iliyowanyamazisha ni ya Haller Park kule Bamburi. Waliwalisha twiga kwa mkono. Kobe wakubwa wapo pia. Hapo ndipo alipoletwa yule kiboko mdogo, Owen, baada ya tsunami ya 2004, akamganda kobe mzee wanayemwita Mzee hata picha zao zikazunguka dunia.

Kilichonishika mimi ni pahali penyewe. Palikuwa machimbo ya kiwanda cha simiti, mwamba mtupu. Mwaka 1971 René Haller alianza kupanda miti, na uliokubali ni mvinje. Tatizo, majani yake yanayoanguka hayaozi upesi, kwa hiyo udongo haukupatikana. Wakaleta majongoo! Majongoo wakala majani, wakayageuza udongo, na miti mingine ikapata pa kushika mizizi. Niliwaeleza wanangu, na tangu hapo kila jongoo njiani ni mheshimiwa, hakanyagwi.

Halafu habari ya maji. Ukimpeleka mtoto Pirates au ufuo wowote wa kaskazini, uliza maji yamekupwa au yamejaa. Yakikupwa unatembea mbali sana kwenye mwani na vidimbwi. Kuogelea hakuna, ingawa kwa kutafuta kaa na viti vya pweza ni raha. Yakijaa ndiyo kuoga. Saa husogea mbele karibu dakika 50 kila siku, kwa hiyo saa ya leo si ya kesho kutwa. Usihangaike na programu ya simu, muulize mvuvi. Ukija wakati wa bamvua tofauti ni kubwa zaidi.

Mzee wa Likoni

Wanangu, mbona mnaongea kama Mombasa inaishia kisiwani? Vukeni. Feri ya Likoni kwa mtu wa miguu ni bure, na ni safari ya dakika chache tu. Msipande saa moja asubuhi mkija mjini wala saa kumi na moja jioni mkirudi, wakati huo ni watu wa kazi, na mteremko unajaa bega kwa bega. Saa nne asubuhi mnavuka kwa nafasi. Simu iwe mfuko wa mbele.

Mkishuka, matatu za Ukunda zipo na za Kwale zipo. Mwaenda Diani? Mchanga ni mweupe, mtauona, sina la kuongeza. Lakini sogeeni mpaka Kaya Kinondo. Ni msitu mtakatifu wa Wadigo, mmoja katika makaya ya Mijikenda yaliyoingizwa kwenye urithi wa dunia 2008. Mnafungwa kitambaa cheusi kiunoni, mnaingia na mwenyeji, na hamvunji hata kijiti. Kijana aliyetuongoza alituonyesha mti mmoja mmoja na ugonjwa wake. Vijana wangu waliokuja wakicheka walitoka wakiuliza maswali.

Kwale mnapanda Shimba Hills. Huko ndiko aliko palahala, yule swala mwenye pembe zilizopinda nyuma, na Kenya hapatikani porini pengine ila hapo. Kuna ndovu, na maporomoko ya Sheldrick mnayoyateremkia kwa miguu mkiwa na askari wa wanyamapori. Baridi ya kule juu asubuhi itawashangaza.

Na wewe uliyekuja na treni: kama unaelekea kusini, barabara ya Dongo Kundu inaanzia huko huko Miritini ikakutoa kusini, hukulazimika kuja kupiga foleni ya feri na gari.

Bara Kabisa

Shikamoo mzee. Hilo la Dongo Kundu dereva wetu hakulitaja, na sasa najua kwa nini.

Mzee wa Likoni

Marahaba. Yuwatafuta riziki, msamehe.

Mtanga Mgeni

Mimi nilivuka mpaka wa Lunga Lunga nikitoka Tanga, kwa hiyo mandhari ya minazi hayakunipa mshangao. Kilichonivuta ni kaskazini. Jumba la Mtwana, karibu na Mtwapa: magofu ya mji wa karne ya 14, katikati ya miti mikubwa, na msikiti uliojengwa ukingoni kabisa mwa bahari. Nilikuwa peke yangu na mtunzaji tu. Upepo wa bahari unaingia moja kwa moja, tofauti na Mji wa Kale ambako unaupata vichochoroni kwa zamu.

Nikirudi nilishuka Kengeleni. Watu hupita pale kila siku kwenda Nyali na Bamburi bila kugeuza shingo, na kengele yenyewe ipo kando ya barabara. Pale palikuwa Frere Town, makao ya waliookolewa utumwani, yaliyoanzishwa na wamisionari miaka ya 1870, na kengele ilipigwa kuwatahadharisha. Hakuna kiingilio.

Natafuta Leso

Nimesoma yote. Mimi ni mwanamke, nitakuja peke yangu, na nimepata chumba karibu na Mlango wa Papa, Mji wa Kale. Nivae nini? Na usiku je?

Shoga wa Majengo

Dadangu, buibui si lazima, hakuna atakayekulazimisha. Gauni refu au suruali pana, mabega yafunike, na leso moja mkobani ya kujitupia kichwani ukipita mbele ya msikiti au ukialikwa kwa mtu. Kaptura ziache za ufuoni. Picha za watu, omba kwanza; picha za milango piga uchoke.

Usiku mpaka saa tatu hivi vichochoro vina watu, wamama wako vibarazani, utapita kwa salamu. Zaidi ya hapo chukua tuktuk hadi mlangoni na mpatane bei kabla hujaketi. Na mwenye nyumba akikwambia "njoo kwetu ufungue kinywa", usikatae kwa adabu za bara. Nenda, na usiende mikono mitupu, halua nusu kilo yatosha.

Natafuta Leso

Ahsante sana shoga. La mwisho: mkate wa mofa bado unapatikana, au ni hadithi za bibi?

Mpita Kuze

Upo, ila waokaji wamepungua, maana unataka tanuri la udongo na mtu wa kuvumilia joto lake. Usiutafute mikahawani. Ukifika Mlango wa Papa waulize wazee wa barazani, baada ya alasiri, na uwaulize wawili tofauti, kwa kuwa wa kwanza atakupeleka kwa shemejiye. Ununue ukiwa wa moto, na mchuzi wa samaki uwe tayari nyumbani.

Kizingo Original

Mchuzi wa nazi.